Bwawa lililozidiwa na virutubisho: mwongozo kamili wa kulisafisha kwa mimea na bakteria

Swali linalonirudia kuliko mengine yote ni hili: "Nimepanda mimea bwawani, imestawi mpaka nimeshangaa, mbona maji bado ni ya kijani?" Anayeuliza huongeza mara nyingi kwamba ameshamwaga chupa mbili tatu za "bakteria wa kusafisha maji", hali ikatulia wiki moja, kisha mwani ukarudi kwa hasira.

Kosa karibu kila mara ni lile lile: mtu amepanda, kisha akakaa kusubiri. Kinachourutubisha mwani ni naitrojeni na fosforasi, na vitu hivyo haviishi kwa sababu tu mmea umekua karibu navyo. Naitrojeni ina njia mbili kuu za kutoka bwawani: bakteria waigeuze kuwa gesi ipande hewani, au wewe uibebe ndani ya majani uliyoyavuna. Fosforasi haina gesi ya kutorokea. Ama izame kwenye tope, ambako inaweza kurudi juu wakati wowote, ama itoke mikononi mwako. Mmea usiovunwa ni mkopaji tu: anachukua leo, akioza analipa chote.

Mwongozo huu ni wa mabwawa, malambo na mifereji ya maji yasiyo ya chumvi ambayo mtu mmoja au kikundi kidogo kinaweza kuyahudumia kwa mikono. Kwa mahesabu nitatumia bwawa moja la mfano tangu mwanzo hadi mwisho: mita za mraba 200, kina cha wastani mita 1.2, yaani mita za ujazo 240. Kumbuka pia kanuni hii, itakuokolea muda: miligramu 1 kwa lita ni sawa na gramu 1 kwa kila mita ya ujazo.

## Andaa hivi kwanza

Vya kupimia
- Vipimo vya matone vya amonia, nitriti, nitrati, fosfeti, pH na alkaliniti (uwezo wa maji kuizuia pH isiporomoke). Vijiti vya kuchovya ni vyepesi kutumia, ila kwa fosfeti mara nyingi havioni kiwango kidogo ambacho tayari kinatosha kulisha mwani.
- Kifaa cha kupima oksijeni iliyoyeyuka, hata cha kuazima.
- Sahani ya Secchi, ya kupimia uwazi wa maji: duara la sentimita 20 lililopakwa robo nyeusi na robo nyeupe kwa kupokezana, lenye uzito chini na kamba yenye alama kila sentimita 10. Unaweza kuitengeneza mwenyewe.
- Daftari. Simu hupotea, daftari hubaki.

Vya kujengea vyelezo (matanda yanayoelea ya kupandia mimea)
- Madumu ya lita 20 yenye vifuniko visivyovuja, manne kwa kila chelezo cha mita 2 kwa 1.
- Mianzi au mabomba ya plastiki ya fremu.
- Wavu mgumu wa plastiki, na nyuzi za makumbi ya nazi za kushikia mashina.
- Kamba ya nailoni na mawe mazito ya nanga.

Vya bakteria na vya kuvunia
- Pampu ya hewa yenye bomba na jiwe la kutoa mapovu, au pampu ya maji ya kutengeneza maporomoko madogo.
- Kokoto safi, na vipande vya mbao visivyopakwa dawa wala rangi.
- Mundu au mkasi mkubwa, reki, toroli, na mizani ya kuning'iniza.

Vya kujikinga
- Buti ndefu, glavu ndefu za mpira, na koti la kuelea kama kina kinazidi kiuno.

Buti si mapambo. Katika nchi za joto konokono wanaobeba kichocho hupenda kujishikiza kwenye mimea ya majini, na vimelea huingia kupitia ngozi nzima, bila jeraha lolote. Ukiona utando wa kijani juu ya maji unaofanana na rangi iliyomwagika, zuia watoto, mbwa na mifugo wasiguse wala kunywa. Huenda ni sayanobakteria, bakteria wanaofanana na mwani, na baadhi yao hutoa sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Pia usiwaue kwa dawa ya shaba ukidhani unasaidia. Seli zikipasuka zote kwa mpigo, sumu iliyokuwa ndani yake inamwagika majini, na shaba yenyewe inawaua bakteria utakaowahitaji baadaye.

## Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa kitu

Pima mara tatu katika wiki mbili, sehemu ile ile na saa ile ile. Saa ina maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mchana mwani hutumia kaboni dioksidi na kuipandisha pH, pengine hadi 9. Usiku hupumua kama sisi, kwa hiyo oksijeni huwa chini kabisa alfajiri. Anayepima oksijeni saa nane mchana kwenye bwawa la kijani anapata namba nzuri, na asubuhi anaokota samaki waliokufa. Oksijeni ipimwe alfajiri.

pH na amonia zisomwe pamoja. Maji yakiwa na nyuzi joto 25 na pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo iliyo katika umbo lenye sumu kwa samaki. pH ikifika 9, karibu theluthi moja inakuwa sumu, ingawa hakuna gramu hata moja iliyoongezeka.

Angalia sana kipimo chako kinaandika nini. "Nitrati 44" na "naitrojeni ya nitrati 10" ni kitu kimoja, kwa sababu kimoja kinahesabu pia uzito wa oksijeni. Gawanya nitrati kwa 4.4 kupata naitrojeni, na fosfeti kwa 3.1 kupata fosforasi. Nimeona watu wakisherehekea kushuka kwa nitrati kumbe wamebadilisha tu aina ya kipimo.

Sasa fanya hesabu. Tuseme bwawa letu lina miligramu 5 za naitrojeni na 0.5 za fosforasi kwa lita. Kwa mita za ujazo 240, hiyo ni gramu 1,200 za naitrojeni na gramu 120 za fosforasi ndani ya maji yenyewe, bila kuhesabu tope. Fosforasi ikishapita miligramu 0.1 kwa lita, maji yanahesabiwa kuwa yamezidiwa kabisa. Sisi tuko mara tano ya hapo.

Shusha sahani ya Secchi upande wenye kivuli, andika kina inapopotea machoni. Maji mabaya ya kijani huificha kabla ya sentimita 30.

Umemaliza hatua hii ukiwa na ukurasa wenye namba za siku tatu, na gramu zako mbili chini yake.

## Hatua ya 2: Ziba mlango wa kuingilia

Hapa ndipo wengi hukasirika, maana walitaka kupanda leo. Lakini kama kila mvua inaleta gramu 200 za fosforasi na mavuno yako yanatoa 60, utafanya kazi ya kujaza pakacha maji.

Subiri mvua, vaa koti, zunguka bwawa lote kwa miguu. Fuata kila kijito mpaka kinapoanzia. Mara nyingi utakuta mojawapo ya haya: shamba lililowekwa mbolea hadi ukingoni, rundo la samadi, mifugo inayoingia majini kunywa, maji ya kufulia, shimo la choo linalovuja, bata wengi, au chakula cha samaki kinachomwagwa kwa ukarimu. Hilo la mwisho halionekani kama uchafuzi, lakini chakula kisicholiwa ni mbolea iliyonunuliwa kwa bei ya chakula.

Acha ukanda wa nyasi na vichaka wa mita 5 hadi 10 kuzunguka bwawa, usiolimwa wala kuwekwa mbolea. Nyasi hupunguza kasi ya maji ya mvua, na udongo wenye fosforasi unabaki nchi kavu. Mifugo ipewe maji kwenye birika nje ya uzio. Samadi ihamishwe chini ya bwawa kwenye mteremko, ili mvua isiilete majini.

Kama maji yanayoingia yana nitrati nyingi, kwa mfano yanatoka kwenye mfereji wa mashamba, chimba handaki kabla ya bwawa, tandika karatasi nene ya plastiki, lijaze vipande vya mbao na uyapitishe maji humo polepole kwa saa kadhaa. Ndani ya mbao zilizolowa oksijeni huisha. Bakteria walioko humo, wakikosa oksijeni, huvuta ile iliyo ndani ya nitrati, na naitrojeni inapanda hewani kama gesi isiyodhuru. Mbao ndiyo chakula chao, na handaki lililojengwa vizuri linaweza kufanya kazi kwa miaka mingi.

Maji ya wiki za kwanza yatatoka na rangi ya chai. Yaelekeze kwenye nyasi, yasiingie bwawani. Baadaye ukisikia harufu ya mayai viza, maji yanakaa humo muda mrefu mno: nitrati imekwisha na bakteria wamehamia kwenye salfeti. Ongeza kasi kidogo.

Maji ya chooni ni jambo jingine. Mwongozo huu hauui vimelea vya magonjwa. Kama kinyesi cha binadamu kinaingia, rekebisha choo kwanza, na hata baada ya hapo usiyaite maji hayo ya kunywa.

## Hatua ya 3: Chagua mimea kwa mizizi yake

Mmea mzuri wa kazi hii una mambo matatu: mizizi mingi inayoning'inia, majani yanayokatwa na kuchipua tena, na tabia ya kutotoroka.

Matete, mafunjo, kana na vetiva hufaa kwa vyelezo. Vetiva ina faida ya pekee: aina zinazopandwa kwa kawaida hazizai mbegu zinazoota, kwa hiyo hubaki ulipoiweka. Mafunjo na matete hutoa majani mengi sana, ila angalia mashina yasifike ukingoni yakaanza kumeza bwawa. Kanuni yangu ni rahisi: chukua mmea unaoota tayari kandokando ya maji ya eneo lako. Umeshazoea hali ya hewa, na hauleti mgeni.

Gugumaji nalikataa, ingawa najua watu watanitajia jinsi linavyofyonza. Ni kweli, linafyonza haraka. Lakini lilitoka Amerika Kusini, limevuruga maziwa na mito katika sehemu nyingi za dunia, linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki moja au mbili, na mbegu zake hulala kwenye tope miaka mingi. Mafuriko moja yanatosha kulipeleka kwa jirani. Katika nchi kadhaa kulipanda au kulisafirisha ni kosa kisheria. Kabichi ya maji na salvinia naziweka kapu hilo hilo.

Azola, kimea kidogo kinachoelea, inahitaji onyo la peke yake kwa sababu inapendekezwa sana. Ndani ya majani yake anaishi sayanobakteria anayevuta naitrojeni kutoka hewani. Ni mbolea nzuri shambani. Kuiweka kwenye maji yenye naitrojeni nyingi na kuiacha ife humo ni kuongeza mzigo.

Lemna, vile vijani vidogo vinavyoelea kama punje, ni hodari kwa naitrojeni na hukua upesi ajabu, katika hali nzuri maradufu kwa siku mbili tatu. Ina masharti yake: lazima uivune kila baada ya siku chache, theluthi moja kila mara. Kama huna muda huo, usiianze. Ikifunika bwawa zima inazuia hewa kuingia na samaki wanakosa pumzi.

## Hatua ya 4: Jenga chelezo

Kwa nini chelezo badala ya kupanda ukingoni? Mmea uliopandwa kwenye tope hupata chakula chake kingi humo humo kwenye tope. Ukining'inizwa, mizizi haina pengine pa kula ila majini. Zaidi ya hapo, mizizi inayoning'inia ni maelfu ya nyuzi, na kila uzi hupata utando laini wa bakteria. Sehemu kubwa ya kazi inafanyika kwenye utando huo.

Hesabu ya uzito ndiyo iliyonizamishia chelezo changu cha kwanza. Nilikifunga kwa chupa chache, kikaelea vizuri sana siku ya kupanda, na miezi mitatu baadaye nikakuta majani yamelala majini na mizizi imegota chini. Mmea uliokomaa ni mzito. Hesabu uwezo wa kuelea wa kilo 40 kwa kila mita ya mraba. Dumu la lita 20 hubeba takriban kilo 19 ukitoa uzito wake, basi manne kwa mita za mraba 2 yanatoa kilo 76 hivi, karibu kabisa na kiwango hicho.

1. Funga fremu ya mita 2 kwa 1. Tandaza wavu juu yake, uvute ukazike.
2. Funga madumu pembeni, juu ya wavu, ili wavu ukae usawa wa maji. Wengi hufunga madumu chini yake: tanda linaning'inia hewani na miche inakauka huku inaelea juu ya maji.
3. Tumia fundo linalofunguka. Mimea ikiongezeka uzito utalegeza na kuinua tanda sentimita chache.
4. Weka nyuzi za makumbi juu ya wavu, unene wa sentimita 5. Usiweke udongo wala samadi. Ndiyo, kuna wanaoweka samadi "ili miche ianze vizuri", kwenye bwawa lililojaa virutubisho.

Ni vyelezo vingapi? Anza na asilimia 10 ya uso wa maji, kwa bwawa letu vyelezo 10. Unaweza kufika 20. Usivuke nusu ya bwawa, kwa sababu maji hupumua kupitia uso wake, na ukiuziba unaua hewa unayoihitaji katika hatua ya 6.

## Hatua ya 5: Pandikiza na utie nanga

Panda mashina kwa nafasi ya sentimita 30, yaani 10 hivi kwa mita ya mraba. Osha mizizi kabisa kwenye ndoo, mwaga maji hayo nchi kavu: humo ndimo mayai ya konokono na mbegu za magugu hujificha. Punguza majani kwa nusu ili mche usipoteze maji mengi kabla haujashika.

Weka vyelezo mahali penye kina kisichopungua mita 0.8 hata wakati wa kiangazi. Mizizi ikigusa tope itajikita humo, na maji yakipanda ghafla chelezo kitazama au mimea itang'oka. Kimoja au viwili viwe karibu na maji yanapoingia. Nanga mbili kwa kila chelezo, kamba ziwe na ulegevu wa kutosha.

Kama kuna samaki wala majani, zungushia wavu chini ya chelezo miezi miwili ya kwanza.

Wiki ya nne hadi ya sita, inua pembe moja. Mizizi ya sentimita 10 hadi 15, yenye utelezi wa kahawia: hapo umefaulu. Utelezi huo usiuoshe! Ndio wafanyakazi wako.

## Hatua ya 6: Wape bakteria hewa, makazi na muda

Kundi la kwanza la bakteria, ambamo Nitrosomonas wanajulikana sana, hugeuza amonia kuwa nitriti. Kundi la pili, mfano Nitrospira, hugeuza nitriti kuwa nitrati. Wote wanahitaji oksijeni. Kundi la tatu, lililo chini kwenye tope na ndani kabisa ya utando wa mizizi ambako hewa haifiki, huchukua nitrati na kutoa gesi ya naitrojeni. Bwawa zuri lina sehemu zenye hewa na sehemu zisizo na hewa, jirani kwa jirani.

Sasa tazama ukubwa wa njaa yao. Kila gramu 1 ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa kuwa nitrati hutumia takriban gramu 4.6 za oksijeni. Tuseme katika zile miligramu 5 za bwawa letu, 3 ni amonia: hizo ni gramu 720, zitakazodai karibu kilo 3.3 za oksijeni. Maji ya nyuzi joto 25 yakishiba hewa hubeba miligramu 8 hivi kwa lita, sawa na kilo 2 tu kwa bwawa zima. Kwa maneno mengine, hata bwawa likijaa hewa hadi ukomo haliwezi kulipa deni hilo kwa mara moja. Ndiyo maana chupa ya bakteria inayomwagwa kwenye maji yasiyo na hewa haifanyi kitu. Wafanyakazi hawakukosekana, walikosa pumzi.

Hewa. Weka jiwe la mapovu karibu na vyelezo. Lengo ni oksijeni isiyoshuka chini ya miligramu 2 kwa lita alfajiri, na kama una samaki, ilenge 4 au zaidi. Anza na saa mbili kwa siku, uongeze kidogo kidogo ndani ya wiki moja. Ukiwasha pampu yenye nguvu siku nzima mara moja, unapandisha maji ya chini yasiyo na hewa, na samaki wanaweza kufa siku hiyo hiyo. Umeme karibu na maji uwe na swichi inayojikata yenyewe.

Hewa ina faida ya pili. Fosforasi nyingi ya tope imeshikwa na chuma, na oksijeni ikiisha chini, chuma kinaiachia ipande juu. Kuna mabwawa yaliyofungwa kila mlango wa kuingilia na bado yana mwani, kwa sababu tope lenyewe linalisha.

Makazi. Ning'iniza mifuko ya wavu yenye kokoto chini ya vyelezo, au pitisha sehemu ya maji kwenye pipa la kokoto lenye pampu ndogo. Kokoto ndogo zina eneo kubwa zaidi la kukaliwa, lakini huziba upesi. Za ukubwa wa ncha ya kidole gumba zinatosha.

Mbegu. Chukua mfuko mmoja wa kokoto uliokaa miezi kwenye bwawa lenye afya na uuhamishie kwako ukiwa bado na unyevu. Hao wameshazoea maji halisi. Za chupa unaweza kutumia, hazina madhara, ila usizitegemee.

Muda. Bakteria wa kuoza vitu huweza kugawanyika kila nusu saa. Hawa wa amonia huhitaji saa nyingi, mara nyingi siku nzima au zaidi. Subiri wiki 4 hadi 8 kwenye joto. Maji yakiwa chini ya nyuzi 10, kazi inakwenda kwa kujikokota.

Alkaliniti. Kazi yao hutengeneza asidi. Kila gramu ya naitrojeni ya amonia hula takriban gramu 7 za alkaliniti. Ikishuka chini ya miligramu 50 kwa lita, pH itaporomoka na kazi itasimama. Nyunyiza chokaa ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa tu. Chokaa iliyochomwa usiiguse, hupandisha pH ghafla na kuua samaki.

Usiongeze maji ya bomba yenye klorini moja kwa moja, wala dawa za antibayotiki za samaki bila kujua unawaua na bakteria hawa.

Dalili ya kufaulu hapa huwatisha watu: nitrati inapanda. Amonia inashuka, nitriti inapanda kidogo na kuanguka, kisha nitrati inaongezeka kwa wiki kadhaa. Hujaharibu kitu. Mstari wa kwanza umeanza kazi kabla ya ule wa mwisho. Baadaye nitrati nayo itashuka.

## Hatua ya 7: Vuna, upime, ubebe

Vuna mimea ikiwa bado ya kijani kibichi, kabla ya mbegu na kabla majani hayajaanza njano. Mmea unaozeeka hurudisha virutubisho kwenye mizizi, mengine yanadondoka majini. Sehemu za joto unaweza kukata mara mbili hadi nne kwa mwaka. Penye baridi kali mara moja, mwishoni mwa msimu wa joto.

Kata sentimita 15 hadi 20 juu ya tanda, na kamwe usikate chini ya usawa wa maji. Mashina ya matete ni mabomba ya hewa yanayopeleka oksijeni hadi mizizini. Yakijaa maji, mizizi inaoza na bakteria wanapoteza nyumba. Usikate vyelezo vyote siku moja, acha theluthi moja hadi raundi ijayo.

Pima kila toroli. Chelezo kizuri kinaweza kutoa kilo 5 za majani mabichi kwa mita ya mraba, basi vyelezo vyetu 10 vitatoa kilo 100. Asilimia 80 ni maji, zinabaki kilo 20 kavu. Kwa makadirio ya kawaida ya asilimia 2 ya naitrojeni na 0.3 ya fosforasi, umetoa gramu 400 za naitrojeni na gramu 60 za fosforasi. Linganisha na zile gramu 120 za hatua ya 1: mkato mmoja ni nusu ya fosforasi yote iliyokuwa ndani ya maji. Tope litarudisha sehemu yake, ndiyo, kwa hiyo utakata tena na tena. Lakini sasa una hesabu, si matumaini.

Majani yapeleke upande ambao mvua haitayarudisha bwawani. Rundo lililoachwa ukingoni "likauke kwanza" linavuja virutubisho vyake kwenye mvua ya kwanza, na hilo ndilo kosa la watu waliofanya kila kitu kingine sawasawa. Tengeneza mboji. Kama maji yanapokea uchafu wa kiwanda, karakana au mgodi, usiwape mifugo majani hayo wala usiweke mboji yake kwenye mboga, kwa kuwa mimea hii hukusanya pia madini mazito.

## Hatua ya 8: Soma namba kabla ya kubadilisha kitu

Pima kila wiki mbili, na badilisha jambo moja tu kwa wakati. Mwelekeo wa naitrojeni huonekana baada ya miezi miwili au mitatu. Fosforasi huchukua msimu mzima, mara nyingi zaidi ya mmoja.

Maji yamekuwa meusi ghafla na yananuka. Mwani umekufa kwa pamoja na umekula oksijeni. Washa hewa usiku na mchana, simamisha chakula cha samaki, chota utando unaoelea.

Majani ya chelezo ni ya njano huku maji ni ya kijani. Angalia kwanza kama tanda limezama au linaning'inia juu ya maji. Kama liko sawa, mara nyingi ni chuma kilichopungua kwa sababu pH iko juu. Itatulia mwani ukipungua.

Amonia haishuki baada ya wiki 8. Pima oksijeni alfajiri, kisha alkaliniti. Kimojawapo ndicho.

Nitrati imegoma juu. Sehemu zisizo na hewa ni chache, au kaboni haitoshi. Ongeza handaki la mbao, au hamishia hewa upande mmoja wa bwawa uuache mwingine utulie.

Mbu wameongezeka. Maji yaliyotuama kati ya mashina huwafaa, na viluwiluwi vya mbu wa aina ya Mansonia huvuta hewa moja kwa moja kutoka kwenye mizizi ya mimea inayoelea, kabichi ya maji na gugumaji zikiwa vipenzi vyao. Punguza msongamano, acha njia za maji kati ya vyelezo, na weka samaki wadogo wa asili ya eneo hilo wanaokula viluwiluwi vya mbu.

Maji yameng'aa, sasa magugu yameota chini. Mwanga umefika kwenye tope, na mimea ya chini inashindana na mwani kula kile kile. Usiing'oe yote. Punguza inayofika juu, ipime, na uiandike kwenye daftari pamoja na mavuno mengine.

Sahani ya Secchi ikianza kuonekana kwenye sentimita 60 au zaidi, wiki baada ya wiki, hata baada ya mvua kubwa, punguza vyelezo viwili vitatu kwa majaribio. Uwazi ukidumu mwezi mzima, vitoe nje kabisa na mizizi yake. Ukirudi chini ya 40, virudishe, na uende ukatembee tena ukingoni siku ya mvua.